Moto wa Kupikia Tehrani

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa mninga uliolazwa juu ya matofali, kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini Shinyanga, upande usiopigwa na jua la alasiri. Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole mwenye redio ya betri, alikuwa amekwisha kata tamaa ya kuwafukuza waliolikalia, kwa sababu mmoja wao ndiye fundi wake wa cherehani, na fundi akinuna kaptula za kaki hazishoneki. Mbele ya benchi Mwanaima wa Ujiji aliweka jiko lake la mkaa na dele la kahawa. Mwaka ule wa 1953, pamba ikiwa sokoni na vumbi la malori likiingia mpaka ndani ya vikombe, benchi lile lilikuwa shule. Lilifundisha Kiajemi. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha.

Mwalimu alikuwa Ngassa, waliyembandika jina la Abadani. Vita ya Hitla ilimtoa kijijini Didia, ikampa usukani wa lori la jeshi, ikaenda kumtupa kwenye bandari ya Abadani huko Uajemi, penye mitambo ya mafuta. Kazi yake ilikuwa kupakia mapipa kwenye ghala lililolindwa na mzee mmoja, Mirza, mwalimu aliyenyang'anywa chaki kwa sababu ya mdomo wake. Mirza hakumfundisha Kiajemi kwa kumwonyesha kiti na meza. Alimfundisha kwa habari za Waajemi walivyomdai mfalme wao haki, na kila neno alilompa lilikuja na mtu aliyefungwa au kunyongwa kwa ajili yake. Ngassa alijua kusema azadi, ndiyo uhuru, kabla hajajua kuomba maji. Alijua majlis, baraza la watu waliochaguliwa na watu, kabla hajajua kuuliza bei ya mkate. Wenzake jeshini walimcheka kwamba sokoni ni bubu, lakini penye kudai katiba hana mpinzani.

Naye akawafundisha wenzake vilevile. Wanafunzi walikuwa watatu. Mabula, jina la benchini Mizani, alikuwa mpimaji wa pamba kwenye kituo cha kununulia, mtu wa sauti kubwa aliyeamini kwamba kila dhuluma ya dunia hii inaanzia kwenye kidole gumba cha mtu aliyeshika mizani. Donatus Karati alikuwa mchimba dhahabu kutoka Geita, ambaye kila wiki alisema atarudi shimoni wiki ijayo. Wa tatu ni huyo fundi, Stanslaus, aliyewahi kuwa katekista, na kwa kushonea Wahindi miaka mingi alikuwa anaielewa redio ya Kihindi ya tajiri wake. Walifurahi kupita kiasi walipoambiwa kwamba bustani, bandari, pamba na hata serikali ni maneno ambayo Mwajemi angeyatambua. Mabula alitangaza kwamba tangu azaliwe amekuwa akisema Kiajemi bila mtu kumlipa.

Neno walilolipenda kuliko yote lilikuwa bast. Maana yake kukimbilia mahali ambapo mkono wa mfalme haufiki, na kukaa hapohapo mpaka akusikilize. Ngassa aliwasimulia jinsi mwaka 1906 watu wa Tehrani, washona viatu, wauza mikate na wenye maduka, walivyoingia kwa maelfu kwenye bustani ya ubalozi wa Mwingereza. Kila chama kilisimamisha hema lake. Wakapika pilau kwa masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani, wakakataa kutoka mpaka mfalme akubali kuwepo kwa majlis. Na mfalme akakubali.

Benchi likaingia kwenye bustani hiyo mwezi wa sita na likakataa kutoka. Kila Ngassa alipotaka kuwavusha kwenda kwenye yaliyofuata, Donatus alimshika mkono: turudi pale pa pilau. Akawarudisha. Aliyajua yaliyofuata, Mirza alimweleza yote. Mwaka mmoja tu baada ya pilau, Mwingereza yuleyule aliigawana nchi na Mrusi kama nyama ya mnada, na mwaka wa pili mfalme mwingine akalipiga majlis kwa mizinga. Lakini Ngassa alizitazama zile nyuso tatu zilivyong'aa, akasema moyoni kwamba mizinga itangoja. Na kwa kweli hata yeye alipenda kukaa bustanini.

Kisha Makoye akakamatwa, na somo likageuka kuwa mpango.

Makoye alikuwa mdogo wake Mabula, tumbo moja. Ilitoka amri ya kupunguza ng'ombe, eti nchi imekwisha kwa kwato, na kila mwenye zizi atoe wake wakauzwe mnadani. Usiku mmoja kabla ya wahesabuji kufika Didia, Makoye aliwaswaga ng'ombe wa nyumba nzima kwenda kwa jamaa zao upande wa Masumbwe. Hakufika. Sasa alikuwa amefungiwa bomani, na kesi yake ilikuwa Ijumaa mbele ya Bwana DC, Mwingereza mtawala wa wilaya. Mabula ndiye aliyesimama juu ya benchi akasema hakuna haja ya wakili. Ijumaa alfajiri wataingia kwenye bustani ya Bwana DC, wao na masufuria yao, wakae bast mpaka Makoye atoke na ng'ombe warudi. Wote waliafiki. Ngassa aliafiki pia, na usiku ule hakulala vizuri. Wakienda, wanakwenda kwa maneno yake. Wasipoenda, Makoye atasimama peke yake.

Alhamisi alasiri walikuwa wanapanga nani alete nini. Donatus alijitolea blanketi, akaliondoa, akajitolea chumvi. Mwanaima alikuwa anawamiminia bila kusema neno, na kwa kawaida Mwanaima akinyamaza ujue anahesabu watu, siyo vikombe. Ndipo Stanslaus akatoka ndani ya duka, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, uso umemshuka.

— Redio imesema Uajemi serikali imepinduliwa, akasema. Yule waziri mkuu mzee, anayeongoza nchi akiwa kitandani, nyumba yake imepigwa mizinga jana. Mwenyewe hajulikani alipo.

Kila mtu pale alimjua mzee huyo. Ndiye aliyewanyang'anya Waingereza visima vya mafuta akasema ni mali ya wananchi. Benchi lilimpenda kwa mambo mawili, kwa visima na kwa kitanda.

— Kwani hakuchaguliwa na majlis? Mabula akauliza.

— Alichaguliwa, akasema Ngassa.

— Sasa anapinduliwaje mtu aliyechaguliwa?

Mabula hakungoja jibu, alikuwa nalo tayari. Akawaeleza kwamba mtu hapinduliwi, anapimwa vibaya. Umempeleka mzigo kamili, mwenye mizani anaweka kidole gumba, unaambiwa robo imepungua. Huko Tehrani kuna kidole gumba cha Mwingereza, na yeye Mabula angekuwepo angekiona kabla hakijashuka, maana ndiyo kazi yake.

— Wewe umeshika pamba tu, akasema Donatus. Mafuta ni dhahabu iliyoyeyuka. Mambo ya dhahabu niulize mimi. Unafikiri Mwingereza aliwaruhusu maelfu ya watu waikanyage bustani yake kwa huruma? Pale chini palikuwa na mafuta. Alitaka wakanyage ili aone yanatokea wapi. Sisi huko Geita ndivyo wanavyotufanya, unachimba, ukigusa mwamba wenye kitu tajiri anakuja anakuambia pumzika.

— Pilau yote ile ilikuwa ya kutafutia mafuta? Mabula akauliza.

— Kila mahali palipopikwa pilau leo pana kisima.

Stanslaus alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyesoma. Kwa maoni yake mzee hakuanguka hata kidogo. Mtu anayeshinda kitandani, askari wakiingia chumbani wanakamata aliyelala. Huyo mzee alikuwa amekwisha mlaza mpishi wake hapo, kamvika nguo za kulalia, yeye katoka kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana redio inasema hajulikani alipo.

— Basi anakuja huku, akasema Donatus.

— Huku wapi?

— Ataenda wapi tena? Ulaya hawamtaki. Anapanda meli mpaka Dar es Salaam, anapanda gari moshi. Ni nani mwingine kwenye nchi hii nzima anayejua Kiajemi chake isipokuwa sisi wanne?

Ilikuwa hoja. Stanslaus aliuliza kama mzee anakula ugali. Mabula akasema liwalo na liwe, kesho watakaa bustanini kwa ajili ya watu wawili, Makoye na mzee, na Bwana DC atajikuta ana majlis zima kwenye maua yake. Akasema kwa sauti kubwa hata watu waliokuwa wanapita na marobota ya pamba wakageuka. Ngassa alitazama kahawa yake. Alikuwa anasikia mizinga ya redio na mizinga ya Mirza kwa wakati mmoja, na alijua kwamba dakika ya kusema ilikuwa hii. Alikuwa amekwisha fungua mdomo lori la pamba liliposimama mbele yao.

Alishuka mama mmoja mwembamba, kitenge kimejaa vumbi, chungu kikubwa mikononi. Alikuwa mama yao Mabula na Makoye, Mama Mabula. Mwanawe alikuwa amemtumia habari aje na chungu, naye amekuja nacho, kile kikubwa cha msibani. Wote waliinuka. Ngassa alimwamkia kwa Kisukuma, mwadila mayu, mayu ndiyo mama, naye akaitika, kisha Mwanaima akamtafutia kigoda kwa sababu benchi halikaliwi na mama wa watu. Mabula akamweleza mpango tangu mwanzo: Tehrani, mfalme, bustani, mahema, pilau. Alimweleza vizuri. Mama alisikiliza yote, mikono juu ya chungu, halafu akamgeukia Ngassa.

— Baba, akasema, moto waliupata kwa nani?

— Moto gani, mayu?

— Wa kupikia. Mmesema walipika. Mmesema waliingia kwenye uwanja wa mtu. Moto waliupata kwa nani?

Mtu wa mbali angeona ni swali la jikoni. Kwa Wasukuma mtu aliyetengwa na kijiji hanyimwi kitu kingine kwanza, ananyimwa moto. Hakuna atakayempa kijinga cha kuwashia wala atakayepokea chake. Na aliyekimbilia kwako, ukimpa moto, umempokea, shida yake imekuwa yako. Ngassa alikuwa ameijua habari ya bustani kwa miaka kumi. Alijua idadi ya mahema na upana wa masufuria. Moto hakuwahi kuufikiria.

— Nadhani kwa mwenye bustani, akasema.

— Mwingereza.

— Ndiyo, mayu.

— Aliwapa kwa nini? Alikuwa na ugomvi na mfalme wao?

— Alikuwa nao. Mfalme alikuwa ameegemea kwa Mrusi.

Mama akakitazama chungu chake.

— Wale walimkimbia mfalme, akasema taratibu, wakaingia kwa Mwingereza, akawapa moto kwa sababu ana ugomvi na mfalme. Sisi anayetuchukulia ng'ombe ni Mwingereza. Mwenye bustani ni yeye. Huyu wa hapa ana ugomvi na nani, hata atupe moto?

Stanslaus alikunja futi yake. Donatus alitazama malori. Mabula, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu mwezi wa sita, alimtazama Ngassa, na Ngassa akatazama chini. Mwanaima aliinamisha dele, yakatoka masimbi tu, machicha ya kahawa. Hakuongeza maji.

Baada ya hapo watu walikumbuka shughuli zao. Stanslaus alikumbuka kaptula za polisi ambazo tajiri anazitaka Ijumaa hiyohiyo. Donatus alikumbuka kwamba kuna gari la Geita alfajiri, na safari hii ni kweli. Mabula alisubiri wenzake waondoke, ndipo akamwambia mama yake, bila kumtazama, kwamba kituoni kesho kuna mzigo mkubwa, na mpimaji asipoonekana wanaweka mwingine. Wakulima watapunjwa, mayu. Mama akasema amesikia. Alilala kwa Mwanaima. Ngassa peke yake ndiye aliyesema atakuja, na alisema kwa nia njema, kama wasemavyo watu jioni.

Na alikuja. Ijumaa, jua likichomoza, alifika mpaka kwenye ua wa michongoma unaozunguka nyumba ya Bwana DC, blanketi begani. Mama Mabula alikuwa amekwisha ingia. Hakuingia kwa mlango wa mbele wala hakujificha, alizunguka kwa jikoni kama anavyoingia mgeni wa kike kwenye mji wa watu. Mpishi, Herman, mtu wa Nyahanga, alitoka akijifuta mikono. Ngassa aliona wakisalimiana, mama akisema maneno machache, na mpishi akisimama akitazama dirisha la bwana wake. Kisha akarudi ndani, akatoka na kijinga kinachofuka moshi, akampa kwa mikono miwili.

Mama akapanga mawe matatu kwenye majani, karibu na maua. Akawasha. Akateleka chungu, akaketi chini kando yake, miguu ameinyoosha.

Kati ya Ngassa na moto ule palikuwa na michongoma na hatua chache za majani yaliyofyekwa. Maneno yote yalimjia, yote ya Mirza, yakiwa na watu wake, na hakuna hata moja lililomsogeza mguu. Alijiambia anangoja wengine. Alikuwa bado anajiambia hivyo askari walipokuja. Hawakumpiga Mama. Mmoja alikipiga chungu teke kikapasuka, mwingine akamwinua kwa mkono, na moto ukazimwa kwa ndoo ya kumwagilia maua. Ngassa alikunja blanketi akaondoka kabla ya mtu kumwona, na hakuna aliyemwona, na hilo ndilo lililomuuma mpaka alipozeeka.

Adhuhuri mambo yote yalikuwa yamejulikana. Makoye kafungwa mwaka mmoja na kazi ngumu, ng'ombe waende mnadani. Mama yake wiki mbili, kwa kuwasha moto mahali pa serikali. Herman kafukuzwa, ameonekana akielekea Nyahanga kwa miguu, sanduku kichwani.

Alasiri benchi lilijaa. Gari la Geita halikumchukua Donatus. Kaptula za polisi zilikuwa zimekamilika. Mabula alikaa mahali pake, mikono ina nyuzi za pamba, akizing'oa moja moja.

— Abadani, akasema mwishowe. Wale wa bustani. Baada ya pilau ikawaje?

Ngassa akawaambia. Akawaambia mstari ambao Mwingereza na Mrusi waliuchora katikati ya nchi, na mizinga iliyolibomoa majlis, na waliokamatwa, na walionyongwa, na majina yao kama Mirza alivyompa, na neno alilojifunza kwa kila mmoja. Alisema yote bila kupumzika. Mara hii hakuna aliyemshika mkono.

— Ulikuwa unajua, akasema Mabula.

— Nilikuwa najua.

— Na jana ulikuwa unajua.

— Kila nikifika hapo mlisema turudi pale pa pilau.

Mabula hakubisha. Hasira ilikuwepo usoni pake lakini haikuwa na pa kwenda, kwa sababu Ngassa angalau alifika kwenye michongoma, na yeye alikuwa kituoni anapima pamba ya watu kwa uaminifu mkubwa. Redio ya ndani ilikuwa inapiga muziki. Stanslaus, kwa mazoea, alinyoosha mkono mbele yake apokee kikombe. Mkono ulikaa hewani. Ndipo wote walipoona kwamba pale mbele hapakuwa na jiko wala dele wala Mwanaima, pamebaki duara jeusi la mkaa kwenye vumbi.

— Yuko wapi mama wa kahawa? Donatus akauliza.

Kuli mmoja aliyekuwa anapita na robota mgongoni ndiye aliyewajibu. Amehamia kwenye lango la gereza tangu asubuhi. Anachemsha kahawa pale, na hauzi, anapeleka ndani.

Stanslaus aliurudisha mkono wake akauweka gotini.